Namba Isiyoshuka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Mvua imeanza kwa hiari yake. Mimi nimeamriwa na daktari. Anataka niwe naandika ninavyojisikia, asubuhi na jioni, ili tukikutana nisiwe namjibu "hivyo hivyo tu." Kwa kuwa sipendi kusimamiwa, nitaandika nikitaka, na nitaandika ninachotaka.

Habari njema kwanza, maana kwangu hazina mazoea ya kukaa. Namba imeshuka. Mwezi wa kumi na moja, nilipopimwa damu mara ya kwanza, ilikuwa 64, na mpimaji alirudia kipimo akidhani mashine imeharibika. Mwezi wa kwanza ikawa 28. Leo ni 9. Daktari alinieleza hivi: ubongo huiagiza tezi ya shingoni itengeneze homoni, tezi ikizembea ubongo unapiga kelele, na namba ndiyo kipimo cha kelele hizo. Tezi yangu imezembea kabisa, kwa hiyo nameza kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya kula, mpaka nitakapozikwa.

"Ikifika chini ya mbili na nusu," alisema, "mtakuwa na ruhusa ya kutafuta mtoto. Kabla ya hapo, tusubiri."

Hiyo "tusubiri" ndiyo wimbo wake. Mimi na mume wangu tunamwita Bwana Subiri, akiwa hayupo. Mume wangu ni fundi wa friji, na watu wote wanamwita Fundi, mimi nikiwemo. Njiani aliniambia, "Ruhusa! Kama watoto wa shule wanaoomba kwenda msalani." Tulicheka mpaka mwavuli ukageuka nje ndani.

Mimba mbili zimeniharibikia, kabla mtu yeyote hajafikiria kuipima tezi. Nina miaka thelathini na nane. Kwa nini ninaitaka hiyo mbili na nusu, sina haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Jumanne, 4 Machi

Nywele kwenye kitana ni chache kuliko jana. Au ni taa tu, hafifu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika na mabegi matatu, kiti chake cha kukunja na mdomo wake. Paa la nyumba yake linavuja. Atakaa nasi mpaka mvua iishe. Fundi alimbebea mabegi kwa furaha ya mtu anayejua kwamba si yeye atakayegombana naye jikoni.

Alinitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, umepauka hivi kwa nini?"

"Ni tezi, mama."

"Tezi! Sema huli."

Kabla sijavua viatu vya kazini alikuwa ameshafungua kabati zote. Akavikuta vidonge vyekundu vya kuongeza damu nilivyopewa na muuguzi mwaka jana, nikavitelekeza nyuma ya sukari. Akaviinua juu kama askari aliyekamata magendo. Fundi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Jumatatu, 10 Machi

Sasa naletewa chai kitandani, alfajiri. Chai nzito ya maziwa, na kwenye kisahani dawa zangu: kile cheupe cha tezi na vile vyekundu vya damu. "Zikae pamoja," anasema mama, "ndipo hutasahau hata moja." Zamani nilikuwa nakimeza kidonge kwa maji ya bomba, nimesimama, kisha nakimbilia kazini na tumbo tupu mpaka saa nne.

Nilimkumbusha kwamba daktari alisema kabla ya kula.

"Kwani nimekuletea chakula? Mkate uko mezani, unakungoja."

Na nikubali tu: mikono yangu ni baridi mwaka mzima, na kikombe hicho ndicho kitu pekee kinachoitia joto.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mama amepanga vijiko upya. Nimenyamaza, na huo ni ushindi.

Jumatano, 19 Machi

Karakana yetu ya kushona sare imefurika oda. Shule zinafunguliwa mwezi wa tano na kila shule imekumbuka leo kwamba watoto wana miili. Mimi ni mkataji. Natandika kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, naweka juu pateni, kiolezo cha karatasi, nachora kwa chaki, kisha nashusha mashine ya kukatia na kupita nayo. Mshonaji akikosea, anafumua. Mkataji akikosea, amekosea mara arobaini kwa pigo moja. Ndiyo maana wakataji tuko wawili tu, na mwenzangu yuko likizo ya ugonjwa.

Kwa miaka yote wananiita Injini. Leo Mama Kola, anayeshona kola tu na hashoni kingine, ameniuliza, "Injini, leo umetia mafuta gani?" Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi, sijui kwa muda gani.

Ijumaa, 28 Machi

Sauti imeanza kukwaruza. Mteja wa friji aliyepiga simu ya Fundi jioni ameniita kaka, akaomba nimpe dada wa ofisini. Nilimpa Fundi aongee naye, na yeye akaongea kwa sauti nyembamba. Tulicheka, lakini baadaye nilikwenda kujitazama kwenye kioo, na uso ulikuwa umevimba chini ya macho.

Jumapili, 6 Aprili

Nimelala mchana kutwa na nimeamka nimechoka. Mama amefua nguo zote, amezitandaza ndani kwa sababu ya mvua, na nyumba inanuka unyevu. Anaimba akifanya kazi. Ananiuliza kila baada ya muda kama nimeziona siku zangu, kwa sauti ile ile anayoulizia kama chumvi ipo. Mungu anisamehe, leo nilitamani paa lake lipone mapema.

Jumatatu, 14 Aprili

31.

Nilidhani nimesoma vibaya. Daktari aliigeuza karatasi, akaitazama nyuma, kama vile jibu la kweli lingekuwa huko.

"Unameza dawa?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Kwa sababu dawa haipandishi namba. Ilikuwa tisa. Imepanda mara tatu." Aliongea polepole, kwa ule upole ambao watu humwekea mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Wengine wakijisikia nafuu huacha. Si jambo la aibu. Niambie tu."

Nilimwambia tena kwamba nameza. Ameniongezea dozi. Nirudi baada ya wiki sita. Kuhusu mtoto, tusubiri.

Maji yalikuwa yanapita barabarani juu ya viatu, na Fundi alitembea mbele yangu kidogo. Tulipofika mlangoni akauliza, bila kugeuka, "Lakini unameza, sivyo?"

Mume wangu, miaka kumi na mmoja ya ndoa. Nilimpita nikaingia ndani.

Jumanne, 15 Aprili

Chai. Kidonge kipya, cha dozi kubwa. Mama amenisimamia mpaka nikamaliza kikombe. "Hiki kitaishusha," alisema, "kwa hasira hii yote uliyonayo."

Alhamisi, 24 Aprili

Niandike hili likiwa bado la moto, maana siku hizi kichwa changu kinavuja kuliko paa la mama.

Oda ilikuwa ya makoti ya wanafunzi, kitambaa kizito cha buluu chenye uso na mgongo: upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Kitambaa cha namna hiyo hutandikwa uso kwa uso, tabaka moja likitazama juu, linalofuata likitazama chini, ili pateni moja ya mkono wa koti ikatwe mara moja na kutoa mkono wa kulia na wa kushoto. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Nimewafundisha wengine somo hilo.

Nilitandika tangu asubuhi. Nakumbuka nilikuwa na baridi, nimevaa sweta mbili, vidole vimekufa ganzi hata nikawa nautazama mkono kuhakikisha umeshika mashine. Nakumbuka nilijiambia, polepole, usijikate. Sikujikata. Nilikata tabaka arobaini vizuri sana, kingo safi kabisa, nikazifunga mafungu na kuzipeleka kwa washonaji, nikakaa.

Baada ya muda Mama Kola akaja na mikono miwili ya koti, mmoja kila kiganja. Hakupaza sauti.

"Injini. Watoto wa shule hii wana mikono miwili ya kushoto?"

Nilivichukua vile vipande. Nikaviweka juu ya meza, uso juu, vyote viwili. Vyote vya kushoto. Nikavuta fungu zima. Vya kushoto. Nilikuwa nimetandika tabaka zote zikitazama juu. Ukikigeuza cha kushoto ili kiwe cha kulia, mgongo wa kitambaa unatoka nje, na koti linakuwa na mkono mmoja unaong'aa na mwingine uliofifia. Havigeuziki. Na kitambaa cha rangi hiyo kilikuwa kimekwisha stoo.

Msimamizi alifika akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapiga pasi, "Nani amekata hivi?" Alijua, wakataji si wengi. Alitaka tu nitamke. Nikasema ni mimi. Wengine wakainama kwenye cherehani zao ghafla kwa bidii kubwa.

"Unaumwa?"

"Naumwa."

"Si ulisema una dawa?"

Nilitaka kumwambia kwamba nina dawa, na kwamba dawa imeniacha kama wengine wote. Ameniondoa kwenye mashine. Kuanzia kesho nakaa na wasichana wapya, napunguza nyuzi kwa mkasi mdogo. Mkono mmoja wa kushoto ameutundika kwenye msumari mlangoni, ili kila anayeingia ajifunze.

Nyumbani nilikaa chooni nikalia, bomba likiwa wazi. Mama aligonga. "Fungua maji kidogo basi," alisema, "tutaishiwa." Kisha akakaa nje ya mlango, nikamsikia akikunjua kiti chake. Hakuondoka mpaka nilipotoka.

Jumapili, 27 Aprili

Fundi amesema alichokuwa anakizunguka tangu siku ile ya namba.

"Niambie ukweli. Humtaki huyu mtoto?"

Nilimwuliza mtoto yupi, maana sikumwona.

"Usinifanyie mzaha. Mtu anayetaka mtoto anameza dawa yake. Namba haiwezi kupanda yenyewe. Daktari mwenyewe anashangaa. Labda umeogopa, baada ya zile mbili. Ningeelewa. Lakini usinifiche."

Kumbe anaweza kuelewa kosa ambalo sijalifanya, ila hawezi kuniamini mimi niliyesimama mbele yake. Nilimwambia hivyo, kwa sauti yangu ya kiume. Akasema sikuwa hivi zamani. Hapo amesema kweli. Mimi pia ninamtafuta yule mwanamke wa zamani, akimwona anifahamishe.

Jumatano, 30 Aprili

Nilidhani namjua mama mkwe wangu. Nilimjua sauti tu.

Alisikia yote Jumapili, nyumba yetu ina kuta za karatasi. Leo jioni alimngoja Fundi atoke kazini, akamzuia pale pale mlangoni, viatu vyake vikiwa na matope. "Wewe," alimwambia, "nilikuzaa mimi, na leo nitakwambia mimi. Mkeo anameza dawa. Ninampa kwa mkono wangu na ninamwona akimeza. Ukimwambia tena hamezi, unaniita mimi mwongo. Sasa ingia umwombe radhi, au ulale kwenye hizo friji zako."

Fundi mtu mzima, ndevu zina mvi, alisimama akitiririka maji kama mtoto aliyechelewa shule. Akaja chumbani akaniomba radhi. Macho yake yalikuwa yamevimba, na nikaona kwamba naye amekuwa akilia mahali, labda ndani ya gari la kazi. Tulikuwa tumeambiwa tusubiri. Usiku huu hatukusubiri.

Ninayempenda zaidi leo katika nyumba hii ni mama.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Nyuzi. Mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamka nikakikuta kikombe tayari kwenye stuli, na yeye ameketi ukingoni mwa kitanda, ana homa, amejifunga shuka kichwani. Nikamwuliza kwa nini hakulala. "Dawa zako zingekupa nani?" Nikakunywa yote mbele yake ili aende kulala.

Jumatatu, 19 Mei

Siku zangu hazina adabu tangu niugue, kwa hiyo sikuwa na wazo lolote. Ni kichefuchefu kilichonipeleka duka la dawa. Mistari miwili kwenye kipimo cha mimba. Niliikagua kama ninavyokagua mshono, kwenye mwanga, nikiigeuza.

Nimefurahi. Nimeogopa vilevile, lakini niandike kwanza kwamba nimefurahi, kwa sababu nimefurahi sana. Fundi alikaa chini sakafuni. Mama alinishika mashavu kwa mikono yenye unga akanitazama bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukosa neno.

Jumanne, 20 Mei

Damu imechukuliwa. Daktari hakutabasamu. Alisema katika wiki hizi za mwanzo mtoto hana tezi yake, anategemea homoni za mama. Majibu Ijumaa.

Ijumaa, 23 Mei

Mama alisisitiza kuja. Alivaa nguo yake ya kutokea. "Leo daktari ataniona mimi," alisema.

Namba ni 47.

Daktari aliweka kalamu mezani. "Nikuulize kwa mara ya mwisho," akaniambia, "na si kwa ajili yako peke yako. Dawa unameza?"

Kabla sijafungua mdomo mama alikuwa amesimama.

"Daktari, mwanangu huyu asisingiziwe. Shahidi ni mimi. Ninampa kwa mkono wangu huu, kila alfajiri, hata siku nilipokuwa na homa niliamka. Nachemsha maziwa, natia majani ya kutosha, nampelekea kitandani bado ya moto. Anameza mbele yangu, kile cheupe na vile vyekundu vya damu, vyote kwa pamoja, na kikombe kinaisha. Sema dawa yenu ni mbovu. Usiseme huyu hamezi."

Alikaa. Alinipigapiga gotini. Nilijisikia kama mtu aliyepata wakili.

Daktari aliuliza taratibu, "Kwa chai ya maziwa?"

"Maziwa halisi. Siongezi maji."

"Na vidonge vya damu kwa wakati huo huo?"

"Ndiyo nakwambia. Zote pamoja, hakuna iliyosahaulika." Bado alikuwa na fahari. "Tangu nilipofika, mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyeyasikia maneno hayo kwanza, naamini. Tisa, mwezi wa tatu, kwa maji ya bomba, nimesimama.

Daktari alieleza akiitazama meza. Kidonge cha tezi ni dhaifu mbele ya vingine. Maziwa yanakizuia, na madini ya chuma ya vidonge vyekundu yanakishika tumboni, hata chai inakipunguzia nguvu. Kinapita mwilini kama mgeni asiyekaribishwa, kisha kinatoka. Kimezwe kwa maji matupu, usubiri angalau nusu saa kabla ya chochote, na vile vya damu vikae mbali, jioni. "Nilisema kabla ya kula," aliongeza. "Sikuuliza kuhusu chai. Nilipaswa kuuliza mapema." Kwa hilo nampa haki yake.

Mama aliuliza, "Kwa hiyo ingekuwa bora asipewe na mtu."

"Hapana, mama. Ingekuwa bora apewe na maji."

Dozi imepandishwa tena. Namba haishuki kwa siku moja, alisema, inataka wiki. Hakusema tusubiri. Safari hii hakukuwa na muda wa kusubiri, na sote mle chumbani tulilijua hilo.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Fundi chini ya mwavuli mmoja. Mama alikuwa nyuma yetu. Nilipogeuka niliuona mwavuli wake mkononi, umefungwa, na nguo yake ya kutokea imelowa yote.

Jumamosi, 24 Mei

Maji matupu. Nimekiweka kidonge mwenyewe, nimekimeza mwenyewe. Jikoni kulikuwa kimya. Baada ya muda akaniletea chai, akaiweka mlangoni na kuondoka. Sikuigusa. Nilikuwa na baridi, na sikuigusa.

Jumatano, 28 Mei

Maji. Mama haimbi. Chai imerudi jikoni imejaa, kama jana na juzi. Anaimwaga yeye mwenyewe, namsikia.

Jumapili, 1 Juni

Kichefuchefu bado kipo. Sijawahi kushukuru hivi kwa kutapika.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua imepungua. Nimelisikia jua mgongoni nikipunguza nyuzi dirishani. Nimeanza kuhesabu kwa vidole mwezi atakaozaliwa, kisha nikaificha mikono chini ya meza.

Jumatatu, 9 Juni

Jana. Ilianza nikiwa nafua. Sitaandika zaidi. Fundi aliendesha gari la friji mpaka hospitali akipiga honi njia nzima, na hakukuwa na gari jingine barabarani.

Imekwisha.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimwuliza daktari, kwa sababu lazima mtu aulize. Je, kama namba ingekuwa chini? Alisema huenda. Alisema mimba nyingi huharibika hata kwa wanawake ambao damu yao haina kasoro yoyote. Alisema hakuna awezaye kujua, si yeye wala mashine yake. Alinitazama usoni aliposema hivyo, nami nilimwamini, na haikunisaidia kitu.

Fundi anataka kwenda kumwambia mama. Amwambie nini? Kwamba alimpenda mjukuu wake mpaka... Nimemkataza. Nikamwambia kama kuna wa kusema, ni mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi kazini. Ule mkono wa kushoto haupo tena kwenye msumari. Mama Kola alikuwa anavaa miwani, na aliendelea kuivaa kwa muda mrefu sana mpaka nilipopita.

Jumamosi, 21 Juni

Nilimkuta mama akifunga mabegi. Kiti chake kilikuwa kimeshakunjwa na kufungwa kamba.

"Paa halijatengenezwa, mama."

"Mvua imekwisha."

"Haijaisha."

"Kwangu imekwisha." Aliendelea kukunja nguo ambayo ilikuwa tayari imekunjwa. Kisha akaacha. "Nikuulize, na unijibu kama unavyojibu watu wengine, si kama unavyomjibu mkwe. Ni mimi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nalo tangu ile njia ya mvua kutoka kwa daktari, nimelala nalo, nimeamka nalo, na lilikuwa neno fupi. Kazini niliulizwa nani, nikasema ni mimi, mbele ya watu wote, na sikufa. Nilitaka na yeye asimame mahali pale. Nilitaka sana. Kisha nikaiona mikono yake, yenye makovu ya mvuke kwenye vidole, ya sufuria ya maziwa ya kila alfajiri.

"Sijui, mama," nikasema. "Daktari naye hajui."

Alitikisa kichwa polepole. Ningesema hapana angejua ninamdanganya. Ningesema ndiyo angeondoka. Nilimpa ukweli, na niliona jinsi ulivyo mzito kuubeba, maana hauna pa kushikia. Akakaa juu ya begi.

"Basi nifungue hiki kiti," alisema baadaye, "mgongo unaniuma." Nikakifungua.

Jumanne, 24 Juni

Maji. Leo yaliletwa na yeye. Glasi tu, juu ya kisahani kitupu. Hakunisimamia.

Jumapili, 29 Juni

Nimevua sweta moja. Nilidhani nina homa, kumbe ni hali ya hewa, na kumbe ninaihisi.

Ijumaa, 4 Julai

Namba ni 2.3.

Daktari aliniandikia kwenye kipande cha karatasi, kama mtu anayetoa zawadi aliyoinunua amechelewa. "Mnaweza sasa," alisema, "mkiwa tayari." Fundi alinishika mkono mpaka nje, hakufanya mzaha kuhusu ruhusa. Msimamizi alikuwa ameniambia asubuhi kwamba Jumatatu nirudi kwenye mashine. Mambo yote mazuri yamekuja leo, yamepanga foleni, na mimi nimeyatazama.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuuliza. Nikamwambia imeshuka.

"Sasa mnaweza?"

"Tunaweza."

Aligeukia ukuta akalia, kwa sauti, ile sauti yake ya kujaza nyumba ambayo nilikuwa sijaisikia tangu siku ile. Sikumnyamazisha. Na mimi nililia, nikiwa upande wangu wa chumba.

Jumamosi, 5 Julai

Anga ni kavu. Mama aliniletea maji alfajiri, nikameza. Hakuondoka. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, mikono mapajani, jiko bado limezimwa, tukangoja ile nusu saa pamoja.

"Sasa?" aliuliza hatimaye.

"Sasa, mama."

Akaenda jikoni. Nilisikia kiberiti, nikasikia maziwa yakipanda. Akarudi na kikombe, na safari hii hakukiweka mlangoni, alinipa mkononi. Kilinichoma. Miezi yote ile nilikuwa nakikumbatia kikombe chake kwa vidole vyote bila kuhisi zaidi ya vuguvugu, na leo kimenichoma mpaka nikakiweka chini haraka. Vidole vyangu vimepona.

Aliona. "Ni moto sana?"

"Kipoe kidogo," nikasema. "Nitakunywa."

Akakaa kukingojea. Na mimi nikangoja, nione kama nimesema kweli.